Mgagani wa Kuchelewa

Bukundi, Meatu
14 Januari 2024

Mwanangu Klementina,

Mwangaluka. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu unayajua masikio yangu. Simu kwangu ni kelele tu, na meseji zako zinaingia kwenye simu ya mwanangu Masunga. Anazisoma yeye kwanza, halafu akirudi kutoka dukani kwake Lagangabilili ndipo anipe anachokikumbuka. Barua hii nampa dereva wa basi la Bariadi, naye ataipandisha kwenye gari la Arusha.

Huo mgagani wako, mwanangu, ni mboga. Nachuma tangu kabla ya Krismasi, leo nimechuma tena, na sijaona ua. Majani ni mapana, laini, hayana ule uchungu wa kubana koo. Nilipika kwa karanga siku Padri alipotutembelea, akauliza ni mboga gani hii. Mengine nimeyaanika, yatakuwa nsansa yetu ya kiangazi. Nikiufikiria ule wa zamani natamani kutema mate. Unaota, ukigeuka kidogo tayari una maua kichwani, na majani yaliyobaki chini ni machungu kama dawa ya ng'ombe. Miaka yote tulikula takataka ile tukaiita mboga.

Sasa hatunao tena. Masunga, kwa kuwa yeye ndiye wakala wa mbegu zenu huku, alituambia ule wa zamani ung'olewe wote, la sivyo nyuki watauchanganya na huu mpya na kazi yote iharibike. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, nikaona hilo ni jukumu langu. Tulipita kaya kwa kaya, tukang'oa bustanini, kando ya mazizi, mpaka nyuma ya vyoo. Nilipofika mahali nikasema, "Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyeutengeneza," watu waliacha kubisha.

Aliyebisha ni mmoja, Salu, yule mjane tunayepakana naye mashamba. Alisimama mlangoni mwa bustani yake akasema, "Huu aliupanda mama mkwe wangu, nami sijaomba mwingine." Nikamwambia mama mkwe wake alikuwa hajui mboga. Nikaingia mwenyewe nikaung'oa wote kwa mikono yangu. Hakunizuia. Nilipokuwa natoka alitema mate pale niliposimama. Mwanamke mzima, mbele ya watu.

Nieleze basi, ni kitu gani mlichokiweka ndani ya mmea huu mpaka ukasahau maua? Wananiuliza, nami nataka nijibu kama mtu mwenye mtoto aliyesoma.

Shangazi yako,
Monika


Arusha
9 Februari 2024

Shangazi, shikamoo.

Barua yako ilifika imekunjamana na ina harufu ya dizeli, lakini nimeisoma mara nyingi. Tangu baba afariki wewe ndiye uliyenisomesha, na kuona umeandika "mtoto aliyesoma" kumenifanya nicheke peke yangu kwenye kitalu cha kituo chetu cha mbegu.

Hatukuuwekea kitu. Kila mmea una maagizo ndani yake ambayo umerithi kwa wazazi wake. Sisi tunayaita jeni. Kuna jeni ambazo kazi yake ni kuuambia mmea, acha majani sasa, anza maua. Kuna nyingine kazi yake ni kuuzuia. Mmea unapima joto, unapima urefu wa mchana, unapima umri wake, halafu upande mmoja unaushinda mwingine. Mgagani wa kwetu Usukumani unawahi sana, na una sababu. Vizazi na vizazi umeishi kwenye mvua fupi. Uliochelewa kuchanua ulikutwa na kiangazi na haukuacha mtoto, ukabaki ule wenye haraka. Mimi nilichofanya ni kuuchanganya na mgagani wa mbali ambao jeni zake za maua ni nzito kuamka. Kisha kila msimu niling'oa watoto waliowahi, nikabaki na waliochelewa. Ndiyo maana wewe unachuma miezi na miezi.

Jambo moja limenisumbua. Sisi hatukutoa agizo la kung'oa ule wa zamani. Mgagani huchanganyika kweli, lakini dawa yake ni kutenganisha tu, mmoja huku, mwingine kule. Labda Masunga alisikia vibaya kwenye semina. Kama kuna mtu bado ana kona ya ule wa zamani, muache aitunze. Na Salu, shangazi, ungemwomba radhi. Bustani ni ya kwake.

Nisalimie Masunga na mkewe Winnie.

Klementina


Bukundi
20 Juni 2024

Mwanangu Klementina,

Salu sijamwomba radhi na sikuandikii habari zake.

Nakuandikia habari za mbegu. Mvua ilikuwa nzuri mpaka mwezi wa nne, na mboga tulikula mpaka watoto wakalalamika. Mwezi wa tano, mvua inaaga, ndipo mgagani wako ulipokumbuka kuchanua. Maua yalitoka mazuri, meupe na mengi. Nikawaambia akina mama, sasa tulieni, tusichume tena, tuuache uzae. Jua likashika. Maua yakakauka yakadondoka. Maganda machache yaliyofunga niliyapasua kwa kucha, na ndani yake kulikuwa na unga mweupe wa vumbi, na minyoo midogo inayotambaa humo. Nilitupa chini nikanawa mikono mara mbili.

Nilidhani ni mimi. Nikaenda kwa Precious, mwenzetu wa kikundi, kwake ni vilevile. Kwa mama Kija, vilevile. Aliyemwagilia kwa ndoo mpaka mgongo ukamuuma alipata konzi moja ya mbegu, na hazikuota alipojaribu. Sasa wanakuja kwangu jioni, wanakaa kwenye kigoda, wanazungumza habari za pamba na bei ya mahindi, halafu wakisimama kuondoka wanauliza, "Mwenyekiti, mbegu?" Mwaka jana kila mmoja alikuwa na kibuyu cha mbegu kimening'inia juu ya jiko. Vile vibuyu nilivikagua mimi mwenyewe na kuvimwaga motoni.

Masunga anasema tusihofu, mbegu zitakuwepo dukani kwake kabla ya mvua, kwenye pakiti nzuri zenye picha. Nikamuuliza, na mwaka utakaofuata? Akasema zitakuwepo pia.

Niandikie ni kitu gani tulichokosea. Mbolea? Tulichuma kupita kiasi? Utakachosema tutafanya.

Salu akinikuta njiani anaziba pua kwa kanga.

Shangazi yako,
Monika


Arusha
8 Julai 2024

Shangazi, shikamoo.

Hamkukosea kitu.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa kwa sababu nilitaka kwanza nimuulize mkuu wangu, Dakta Lucy. Nakuandikia yote kama yalivyokuwa, uone mwenyewe.

Nilimkuta ofisini anakula kuku. Nikamwambia, "Dakta, mgagani wetu hautoi mbegu Meatu."

Hakuacha kutafuna. "Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipouchagua. Unakumbuka tulikuwa na mistari miwili ya mgagani mwishoni? Mmoja ulikuwa unachanua mapema kidogo, ungewahi mvua. Kwa nini unadhani tuliuacha?"

"Ulisema majani yake ni membamba."

"Na hilo pia." Alinyonya mfupa, akauweka pembeni, akachukua mwingine. "Klementina, mbegu ambayo mkulima anajipatia mwenyewe shambani, nani ataigharamia? Duka linataka mteja arudi. Mmea huu unamrudisha wenyewe. Huhitaji sheria, huhitaji kumkamata mtu. Unachelewa tu kidogo. Huo ndio uzuri wake."

Nikamuuliza kuhusu kung'oa ule wa zamani. Akacheka, akasema hilo halikutoka kwetu. Wakala wa Simiyu alilibuni mwenyewe. Alisimama kwenye semina akaeleza kwamba mbegu za zamani zikibaki kwenye kaya hakuna atakayeingia dukani, na kwamba yeye anajua jinsi ya kuwafanya akina mama wazing'oe kwa hiari, kwa sababu mwenyekiti wao ni mama yake. Walimpigia makofi. "Kijana mwerevu," akasema Dakta Lucy, akanisogezea sahani nichukue kipande. Vidole vyake vilikuwa vinang'aa mafuta mpaka kwenye pete.

Nilitoka nje bila kukichukua.

Wakala wa Simiyu unamjua, shangazi. Ni Masunga.

Mimi sikuona kwa sababu hapa kituoni tuna mabomba ya matone. Mmea ukichelewa tunaunywesha mpaka uzae, hata kama ni mwezi wa tisa. Sijawahi kuuona ukifa na kiu. Nilikuandikia kwa mkono wangu kwamba uliochelewa haukuacha mtoto, nikakunja karatasi, nikailamba bahasha, na sikusikia nilichokisema. Kila nikipita kwenye mistari ile sasa naona kinyaa, ile mimea mirefu, ya kijani, inapendeza, wageni wanapiga nayo picha.

Kwenye chumba baridi tuna mbegu za mgagani wa zamani nilizozichukua kwenye bustani yako mwenyewe nilipoanza kazi. Nitaziomba. Usiwaambie bado akina mama, mpaka niwe nazo mkononi.

Klementina


Bukundi
2 Agosti 2024

Klementina,

Nimekupokea ukiwa na kamasi. Nimekufulia. Nimeuza ndama wa marehemu mama yangu ukaenda shule, na Masunga, mtoto niliyemzaa, akabaki nyumbani kuchunga. Hakulalamika. Sasa una ofisi, unaandika kutoka Arusha kwamba yeye ni mwizi wa mama yake.

Nilimuuliza. Alilia. Alisema wewe mmea wako umeshindwa na unatafuta wa kumtupia uchafu. Nami naona hivyo. Mwenye kosa ni aliyeutengeneza, na ulisema mwenyewe uling'oa wale waliowahi. Ninyi wasomi mna mikono safi siku zote.

Ile barua yako nimeichoma. Ilikuwa inanuka.

Usiniandikie.

Monika Mboje


Arusha
11 Oktoba 2024

Shangazi, shikamoo.

Ulinikataza kuandika, nami sitaandika nyingi. Lakini mvua inakaribia na kuna jambo usilopaswa kulisubiri.

Mbegu za bustani yako hazipo. Dakta Lucy alinizungusha kwa ruhusa tangu mwezi wa saba, na nilipoipata nikaenda chumba baridi na mtunza funguo. Mashine ilikuwa imezimika wakati fulani, hakuna anayekubali kusema lini. Nilipofungua droo harufu ilinipiga usoni. Mifuko ya karatasi ilikuwa imelowa, ina ukungu wa kijani wenye manyoya, na mbegu zimeshikana kama kinyesi cha mbuzi. Mkono wangu uliingia humo kabla sijaangalia. Nilijaribu kuziotesha hata hivyo, zote. Haikuota hata moja.

Nilikwenda nikamwambia Dakta Lucy kwamba jina langu liondolewe kwenye mgagani ule. Akasema liondolewe tu, hautauzwa kwa jina langu. Wamenihamishia kwenye nyanya.

Kwa hiyo kama kuna mgagani wa zamani umebaki popote duniani, uko huko kwenu. Uulizie, hata kwa mtu usiyependa kumuuliza.

Kuhusu Masunga sitarudia. Muulize wewe, dukani kwake, mbele ya wateja.

Ndama wa bibi sijamsahau.

Klementina


Bukundi
5 Januari 2025

Mwanangu Klementina,

Mwangaluka.

Nilisoma barua yako ya mwezi wa kumi nikaiweka chini ya godoro, na nilikaa nayo mpaka mvua ya kwanza. Sikutaka kuifuata. Lakini Precious alikuja kuniaga kwamba anakwenda Lagangabilili kununua pakiti, na akaniomba nimwombee kwa Masunga apunguziwe bei. Nikaona nipande naye gari.

Duka lilijaa. Akina mama wa Itilima, wa kwetu, wengine nisiowajua, wote wanataka ule mgagani wenye picha. Nikasimama mbele ya kaunta nikamuuliza, "Masunga, nani alisema tung'oe ule wa zamani?"

Akainama kwenye sikio langu akasema kitu. Nikamwambia, "Sisikii. Sema kwa nguvu."

Akaangalia wateja. Akainama tena. Nikasema, "Mwanangu, unajua mimi ni kiziwi. Nyumbani unanipigia kelele mpaka kuku wanaruka. Kwa nini hapa unanong'ona?"

Pale pale nilijua. Sikuhitaji jibu. Lakini alinishika mkono akanipeleka nyuma ya duka, kwenye mifuko ya mbolea na mikojo ya paka, na huko akapiga kelele zake. "Mama, ulitaka niuze nini? Mtu mwenye mbegu kwenye kibuyu anakuja dukani kununua upepo? Ulikuwa unajivuna wewe mwenyewe kuwa mwenyekiti. Nani alikushika mkono ukamng'olea Salu?"

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililonitia kinyaa kuliko mengine. Nilimwangalia mdomo unavyofunguka na kujifunga. Niliwahi kuulisha ule mdomo uji. Nikaondoka, Precious nikamwacha kwenye foleni.

Baada ya hapo nikaona wanawake wanatoka upande wa kwa Salu na mafungu ya mboga. Nikasogea nikainusa, nikajua ni ule wa zamani. Kumbe umeota kwenye itongo, pale palipokuwa na mji wa baba mkwe wake kabla hawajahamia huku. Ng'ombe walilala pale miaka mingi, na mgagani unapenda mahali pa namna hiyo. Sisi hatukufika huko kung'oa kwa sababu hakuna anayekaa. Mbegu zilikuwa zimelala ardhini, mvua ilipokuja zikaamka, na kabla ya Krismasi ulikuwa umeshachanua na maganda yanakauka.

Nilikwenda kwa Salu. Nilibeba lita ya maziwa, akayaacha pale pale nilipoyaweka, nzi wakayaingia. Nikamwomba radhi. Akaniambia, karibu na sikio, kwa sauti ya kutosha, "Radhi yako ya uani mimi nifanyie nini? Uling'oa mbele ya watu."

Nikamuuliza anataka nini.

"Nataka useme mbele ya watu. Useme na jina la aliyekutuma."

"Ni mtoto wangu, Salu."

"Najua ni mtoto wako. Mimi nilikuwa na bustani."

Sikulala vizuri siku hizo. Winnie, mke wa Masunga, alikuwa amekuja na wajukuu kwa sikukuu, anapika, anacheka, hajui kitu. Nikafikiri niseme tu kwamba nilikosea, nisimtaje mtu. Lakini kila nilipopanga maneno yangu hivyo nilijiona kama yale maganda, nje yapo, ndani vumbi.

Jumapili baada ya misa, watu wakiwa bado kwenye uwanja wa kanisa, nikaomba kusema. Walidhani ni tangazo la kikundi. Nikasema mgagani mpya hautoi mbegu kwenye mvua yetu, na waliouleta walijua. Nikasema agizo la kung'oa ule wa zamani halikutoka kwa wataalamu, lilitoka kwa Masunga mwanangu, apate wateja. Nikasema mimi ndiye niliyevimwaga vibuyu vyenu motoni, na Salu nilimwingilia bustani kama mbuzi. Winnie alikuwa mbele yangu na mtoto mgongoni. Sikusikia walichosema watu. Niliona midomo tu. Mama Kija alinigeuzia mgongo. Precious aliangalia chini, pakiti yake alikuwa ameshaipanda.

Winnie aliondoka jioni ile ile na wajukuu. Masunga hajakanyaga hapa.

Kesho yake Salu alikaa mlangoni kwake akagawa mbegu kwa kiganja, kila aliyekuja, hata wale tuliokwenda nao kung'oa. Mimi alinipa wa mwisho, kidogo kuliko wengine. Nilipokea kwa mikono miwili.

Sitakudanganya kwamba ni mtamu. Nilinunua fungu la pale itongoni, nikalipika kwa karanga na maziwa, na bado linabana koo. Nilikuwa nimeshazoea ule wako. Nakula, nameza, nakunywa maji.

Barua yako niliyoichoma nilikuwa nimeisoma mpaka mwisho. Nisamehe, mwanangu.

Shangazi yako,
Monika


Arusha
12 Februari 2025

Shangazi wangu, shikamoo.

Sina cha kukusamehe. Nilipofika pale ulipomwambia Masunga aseme kwa nguvu niliacha kusoma kwanza nikatembea nje, nikarudi.

Kuhusu Winnie nimesikitika. Nilimpigia, hakupokea.

Sasa nisikilize, nina ombi. Nimekuwa nikiwaza juu ya ule mstari wa pili, uliotupwa. Kati ya mgagani wa Salu unaochanua kabla mtu hajashiba na huu wa kituo unaochelewa mpaka jua liuue, kuna nafasi. Inawezekana kupata mmea wa kuchelewa kidogo tu, uwape majani kwa muda mrefu kuliko wa zamani, halafu uwahi kufunga mbegu mvua ikiwa bado ipo. Jeni zake zipo. Nikiuchanganya wa Salu na wa kituo, watoto wao watachanua kwa nyakati tofauti tofauti, na mtu mwenye subira anaweza kuwachagua wa katikati. Ni kazi ya misimu kadhaa. Ningeifanya nje ya kituo, kwenye kipande nilichokodi huku, kwa muda wangu wa jioni. Hakuna duka ambalo lingeujua.

Niombee kwa Salu kijiko kimoja cha mbegu. Kimoja tu. Unitumie kwa basi.

Kwenye nyanya naendelea. Mshahara unaingia kila mwezi kama zamani. Dakta Lucy tukikutana kwenye korido ananisalimia kwa uchangamfu, nami naitikia, kisha nanawa mikono bila sababu.

Klementina


Bukundi
3 Machi 2025

Mwanangu Klementina,

Mwangaluka. Wabeja kwa barua.

Nimempelekea Salu ombi lako. Nilimsomea barua yako yote, pale penye jeni nikasoma mara mbili kwa sababu aliniambia nirudie. Alikuwa anapura mtama, hakuacha. Alipomaliza akasema, "Kijiko kikipanda basi kinakwenda kwenye maji ya bomba. Huko kitazoea kunywa, na atatuletea mlevi mwingine."

Nikamwambia wewe si kama wale.

Akasema, "Sijasema ni kama wale. Kama anautaka wa katikati, aje aupande hapa, kwa mvua hii, uchelewe mbele ya macho yangu. Ukifa, ufe tukiuona. Mbegu haitoki."

Nilitaka kubishana naye, nikakumbuka mimi ni nani mbele yake. Basi hilo ndilo jibu. Amesema itongo lina nafasi upande wa chini, na hatakudai. Sijui kama mtu wa ofisi anaweza kuja kuishi kwa jinsi hiyo. Wewe utaamua, sitakushika mkono. Vilevile ujue kwamba akina mama wengi wamerudi dukani kwa Masunga. Mama Kija amenunua pakiti mbili. Anasema wajukuu wanautema ule mchungu, na mwaka utakaofuata utajitegemea wenyewe. Precious anapanda yote, wa Salu kwa siri nyuma ya nyumba. Kikundi kimechagua mwenyekiti mwingine.

Masunga hajaja. Ila mwezi uliopita kijana wa pikipiki aliniletea mfuko kutoka kwake, bila neno: sukari, sabuni, majani ya chai. Nilitoka nao mpaka barabarani nimrudishie, pikipiki ilikuwa imeshaondoka. Nikauweka nje ya mlango. Nilisema hautaingia ndani. Usiku kukawa na mawingu, nikauingiza usilowe. Siku nne haukufunguliwa. Ya tano nilikuwa na homa, nataka chai, nikaufungua.

Nimeinywa, Klementina. Nilijua imetoka wapi, kwa vibuyu vya nani, nikakoroga nikanywa, na ilikuwa tamu, na nikaongeza kijiko. Kisha nikakaa na kikombe kitupu nikijinusa mikono. Wiki hii ameleta mwingine.

Ukija, pitia Mwanhuzi, usipite Lagangabilili. Njoo na jembe lako, la hapa limekatika mpini. Sukari usilete. Ninayo.

Shangazi yako,
Monika